Gobori la Kupokelea Wageni

Mjomba wangu Ramazani aliponiambia tuwapokee wageni wa machimbo kwa gobori la babu, nilipaswa kusema hapana, neno lenyewe fupi, hata mtoto analiweza, lakini mimi niliyesoma sekondari kwa mapadri wa Kasongo, ninayejua kukataa kwa Kiswahili, Kifaransa, Kizimba na Kibangubangu, nikasema ndiyo, na tena nikauliza kama baruti ipo.

Najua kisa hiki kinazunguka Kabambare nzima mpaka Wamaza, na kila mtu ana chake. Wengine wanasema nilikimbia uchi njiani. Si kweli, nilibaki na kaputula. Wengine wanasema nilimpiga risasi mbuzi wa Muzungu, na huo ni uongo mtupu, mbuzi hakuwepo. Aibu iliyokuwepo inatosha, haihitaji mbuzi, na kwa kuwa nimezeeka na waliokuwapo karibu wote wametangulia, afadhali niieleze mwenyewe.

Kilichonikumbusha ni mjukuu wangu. Amepata kazi nchi ya mbali, na wiki hii alinipigia simu kunieleza alivyopokelewa: tajiri wake alimtuma mtu kumngoja alipotua, mtu mwenye maneno machache, akamfikisha kwenye chumba, akamwonyesha kitanda, blanketi, mahali pa kupikia na chakula kidogo, akamwambia lala, kazi itakusubiri. Basi. Mjukuu alidhani nitacheka, kwamba ni mapokezi ya kimasikini. Sikucheka, kwa sababu ndivyo hasa nilivyoagizwa mimi nifanye zamani zile, na sikufanya.

Nirudi nyuma. Ilikuwa wakati wa Wabeljiji, nami nilikuwa karani kwenye machimbo ya bati, njia ya kutoka Kabambare. Kampuni ilikuwa inaleta wafanyakazi kutoka Urundi, ng'ambo ya ziwa. Mwanzoni waliletwa wanaume peke yao, wakatiwa kwenye mabanda marefu kama magunia, wakapewa mapauro ya kuchimbia kesho yake asubuhi, na mvua zikianza nusu yao wamekwisha kutoroka kurudi ziwani kwa miguu. Ndipo akaja Bwana mpya, sisi tulimwita Bwana Polepole maana ndilo neno la kwanza alilojifunza na hakulichoka. Sisemi alikuwa malaika. Alipenda bati kuliko alivyotupenda sisi, na hakuficha. Lakini alikuwa na akili ya kuuliza. Aliwaita wale waliobaki, akawakalisha, akawauliza wenzao walikimbia nini, nao wakamwambia: tumbo halikubali mihogo kila siku, mtu akiugua hakuna wa kumpa maji, hatujui hata kisima cha kunywa ni kipi na cha kufulia ni kipi, na usiku banda zima linawaza wake zao.

Bwana Polepole akafanya jambo ambalo hatukuwahi kuona. Alijenga nyumba kabla watu hawajafika, kila nyumba na meko yake na kipande cha shamba nyuma. Akaagiza mbegu za maharagwe. Akaruhusu kila mwanaume aje na mke, na watoto, na mama yake kama anamtunza. Akasema wiki ya kwanza hakuna kazi, watu wazoee maji na baridi ya huku, na kila nyumba mpya ikawekewa jirani, mmoja wa wale waliotangulia. Wakubwa wake hawakufurahi. Walimkubalia kundi moja tu la kujaribia: kundi hilo likikaa, mpango unaendelea, likitoroka, nyumba zinabomolewa na watu wanarudi mabandani peke yao bila wake. Kila mtu machimboni alilijua hilo, na zaidi yetu wote walilijua wale Warundi wa mabanda waliokuwa wakimwomba Mungu kundi likae ili na wao wawalete wake zao.

Na kazi ya kulipokea kundi hilo nikapewa mimi. Karani wa wageni, ndivyo nilivyoitwa. Nawaambieni kweli, sijapata kazi niliyoipenda kama ile. Nilipanda juu ya kila paa na ndoo ya maji nikamwaga kuona kama linavuja. Nililala kwenye vile vitanda kimoja kimoja (wenzangu walinicheka, wakaniita bibi harusi). Nilijiona mimi ndiye nitakuwa mtu wa kwanza wanayemfahamu katika nchi hii ngeni, na watoto wao watanikimbilia kila nikipita.

Maagizo ya Bwana yalikuwa mepesi, alinipa kwa Kiswahili chake kilichokatikakatika, akihesabu kwa vidole: "Moto. Maji. Chakula. Lala. Maneno, kesho."

Sasa mjomba. Mjomba Ramazani alinilea baada ya baba kufariki, na ni yeye aliyesema nisome kwa mapadri ingawa kwetu ni Waislamu, alisema kusoma ni kusoma. Siku mbili tatu kabla ya wageni alifika kutoka Kasongo na vijana wake wa ngoma, baiskeli zimebeba mchele wa kuuza, akanikuta nakata kuni za kuweka kwenye yale meko, akasimama akaniangalia kama mtu aliyekuta jamaa yake anaomba sokoni.

"Mwipwa wangu, watu wanavuka ziwa wanakuja kwako, na wewe utawapokea kwa kuni?"

Nikamweleza maagizo ya Bwana.

"Huyo ni Muzungu, atajua nini kupokea mutu? Kwetu Kasongo mgeni asiyeliziwa gobori anarudi kwao kusema hakuonwa."

Na hapo, ndugu zangu, hakusema uongo. Kwa familia zetu za mjini, mgeni wa heshima anapokelewa na wanaume waliovaa kanzu nyeupe, ngoma iko mbele, na gobori linalizwa juu hewani. Ndivyo tulivyopokea maharusi, ndivyo tulivyompokea mzee aliyerudi kutoka Makka. Siku niliyomaliza shule mjomba alinilizia gobori mimi mwenyewe, mama yangu akalia kwa furaha mpaka akaishiwa nguvu, na gobori ni lile lile la babu, ambalo tangu utoto nilikuwa nalipaka mafuta kila Idi inapokaribia. Sikujua heshima kubwa kuliko ile. Kwa hiyo nilipowaza wale watu wanaofika na mizigo kichwani kwenye nchi wasiyoijua, niliona kuwapa moto na maji tu ni kuwadharau.

(Mjomba naye alikuwa na lake. Alitaka Bwana amwone, kampuni inunue mchele wake. Na mimi nilikuwa na langu, nilitaka nionekane. Tuyaseme yote.)

Siku yenyewe ikafika. Kamio, lori la kampuni, iliwabeba kutoka ziwani mpaka Kabambare bila shida, lakini karibu na machimbo kulikuwa na kijito ambacho daraja lake lilikuwa la miti, na kamio ikazama matope upande wa pili, basi wageni wakashuka wavuke kwa miguu, na Bwana Polepole akabaki nyuma na dereva kusukuma. Mimi nilikuwa nimekusudia tusimame tu njiani kwa adabu. Mjomba akasema hapana, raha ya mapokezi ni mgeni kushtukizwa, tujifiche kwenye migomba, wakikaribia tutoke wote kwa pamoja. Nikakubali na hilo. Nikaomba hata nilipige gobori mimi mwenyewe, badala ya mjomba.

Pembeni ya ile njia, kando ya migomba, palikuwa na dimbwi ambamo wanawake wa kijiji jirani huloweka mihogo yao. Anayeijua harufu ya mihogo iliyokaa majini siku kadhaa hahitaji nimweleze. Nilisimama nimelipa mgongo dimbwi hilo, kanzu imepigwa pasi ya mkaa, kofia ya kiua, na kichwani hotuba niliyoiandaa kuhusu udugu.

Wakaja. Wanaume mbele na mikeka, wanawake na vyungu, watoto wameshikana mikono, kuku wamefungwa miguu. Mjomba akanigusa bega. Tukatoka kwenye migomba sote, weupe pepepe, ngoma ikalipuka, nami nikaelekeza gobori mbinguni nikafyatua.

Mjomba alikuwa mkarimu kwa kila kitu, hata kwa baruti. Sikusikia mlio, nilihisi tu kitu kama teke la punda begani, miguu ikaondoka chini, nikaenda kinyumenyume dimbwini, kanzu, kofia, hotuba, vyote. Nilipoibuka nimeshikilia gobori la babu (urithi hauachwi majini) na maganda ya mihogo yamening'inia masikioni, njia ilikuwa tupu. Mizigo imetapakaa. Chungu kimoja kilikuwa bado kinabiringika. Na vijana wa ngoma, maskini, walikuwa wanaendelea kupiga, walidhani kukimbia ndiyo desturi ya Warundi ya kuitikia.

Hapo bado palikuwa na nafasi ya kuketi chini na kunyamaza. Mimi nikafanya nini? Nikawakimbilia. Nilikimbia msituni nikipiga kelele "Karibuni, karibuni, ndugu zetu," kanzu inachuruzika, ninanuka kama mzoga, gobori mkononi, na mjomba kwa kunipenda akanifuata, na vijana kwa kumpenda mjomba wakamfuata na ngoma zao, hata waliokimbilia vichakani wakigeuka nyuma waliona msururu wa watu weupe unawafukuza kwa ngoma. Wachimbaji waliokuja kutazama wageni walikuwa wamepanda kichuguu waone vizuri. Walikuwa wale wa mabanda, waliongojea wake zao. Hakuna hata mmoja aliyecheka.

Mbele kidogo nikamkuta bibi mmoja ameketi katikati ya njia. Hakuweza kukimbia, miguu ilikuwa imekwisha. Jina lake Kanyange, mama wa Bukuru aliyeliongoza kundi lile, na alikuwa amembana mjukuu wake mdogo katikati ya magoti. Alijua Kiswahili cha soko kwa kuuza mawese kule Rumonge, kwao ng'ambo ya ziwa. Nilipofika mbele yake ninahema, hakuinua sauti.

"Ukitaka mutu, unichukue mimi," alisema. "Nimezeeka lakini ninajua kutwanga. Huyu mutoto umuache."

Mwanzoni sikuelewa. Halafu nikaelewa.

"Mama, sikuja kuchukua mutu. Mimi ndiye karani wa kuwapokea."

"Na bunduki?"

"Ni ya furaha, mama."

"Furaha ya nani?"

Akanieleza pale pale, nimesimama nachuruzika, kwamba mama yake alikuwa msichana wakati watu wa kanzu nyeupe walipotokea upande huu wa ziwa, upande wa Kasongo, na ngoma, na magobori, wakaenda na dada zake wawili wasionekane tena. Njia nzima kwenye kamio wanawake walikuwa wanamuuliza Bukuru kama Kasongo ya mbele ni ile Kasongo.

"Bukuru alituapia ni mambo ya zamani," alisema. "Tumeshuka kwa kamio, tumekuta zamani iko inatungojea kwa migomba."

Nililitazama gobori mkononi mwangu. Nilikuwa nimelipaka mafuta maisha yangu yote, na sikuwahi hata siku moja kuuliza babu alilinunulia nini, wala lilitembea safari gani kabla ya kuanza kulizwa mbele ya maharusi. Mjomba alikuwa amefika nyuma yangu, alisikia, akatazama chini.

"Nipe hiyo kitu," bibi akasema. Nikampa. Akaiweka chini, akainuka kidogo, akaikalia. Kisha akanionyesha kanzu kwa kidole. "Na hiyo, vua."

Nikavua. Mbele ya mjomba, mbele ya vijana wa ngoma, mbele ya wachimbaji wote waliokuwa juu ya kile kichuguu, karani wa kampuni, kijana wa sekondari, nikabaki na kaputula yenye kiraka nyuma. Mjomba na wenzake nao wakavua bila kuambiwa. Bibi akaamuru ngoma zigeuzwe chini juu, sote tukae chini mikono wazi juu ya magoti, halafu akaita watu wake kwa sauti ndefu, jina moja moja. Hakuna aliyetoka. Akaita tena. Bure. Akanigeukia, akaniambia watoto wana kiu, niende nikateke maji.

Basi nikaokota kile chungu kilichobiringika, nikashuka kijitoni, nikarudi nacho kichwani, natembea polepole kama mama mjamzito, maji yakinimwagikia, na mjomba wangu Ramazani, mtu ambaye Kasongo nzima ilimpa kiti, alikuwa amepiga magoti anapuliza moto wa kuni, kitu kile kile alichokidharau. Moto. Maji. Nilipoweka chungu chini ndipo nilipoona tunafanya nini, nikataka kulia.

Wakaanza kutoka. Mtoto mmoja kwanza, akafuata kuku wake. Halafu wanawake. Wa mwisho alikuwa Bukuru, na panga.

Wakati huo huo Bwana Polepole akatokea njiani, matope mpaka magotini. Fikirini alichokikuta: karani wake nusu uchi ananuka mihogo, watu wa Kasongo wamevuliwa wanapuliza moto, na bibi kizee amekalia bunduki.

"Nilikuambia nini?" aliniuliza.

"Moto, maji, chakula, lala, Bwana."

"Gobori?"

"Hapana, Bwana. Gobori nimeliongeza mimi."

Angeweza kutupeleka teritwari kwa wakuu wa serikali, mimi na mjomba, siku ile ile, na wengi wa wakati ule wangefanya hivyo na fimbo juu. Alivua kofia yake, akaketi chini kwenye vumbi kando ya moto, mbali kidogo na bibi, akangoja mpaka maharagwe waliyobeba wageni yakaiva. Chakula kikaliwa. Watu wakapelekwa kwenye nyumba zao na majirani zao, wakalala. Kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Kesho yake ndipo yalipokuja maneno. Bwana aliwakusanya akawaambia kamio imetolewa matopeni na mafuta inayo, anayetaka kurudi ziwani apande, hadaiwi chochote. Wachimbaji wa mabanda walikuwa wamesimama nyuma, walionishangaa jana sasa hawakuniangalia hata kidogo, walikuwa wanamwangalia bibi. Bukuru akataka kusema, mama yake akamzuia kwa mkono.

Bibi alisema nyumba wameziona, paa halivuji, mbegu ni nzuri, na usiku jirani alimletea mjukuu wake dawa ya kikohozi kabla hajaomba. Watakaa. Lakini gobori liondoke, na kanzu zisionekane kambini. Kisha akanitazama, na niseme kweli, alinitazama kwa huruma.

"Na huyu karani. Si mubaya, maji ameteka. Lakini batoto bakimuona banalia. Wageni wengine wakija, wapokewe na mutu mwingine."

Bwana akanigeukia. Ningeweza kujitetea, nilikuwa na Kifaransa cha kutosha. Nikasema bibi ana haki. Ni neno moja tu la maana nililolisema katika mkasa wote ule.

Kazi akapewa Bukuru. Kundi lilikaa. Baada ya mavuno ya kwanza wakubwa wakakubali, na wanaume wa mabanda wakaanza kuwaleta wake zao, na kila kundi lililofika Bukuru alilipokea kwa moto na maji, bila hotuba. Mjomba alilirudisha gobori Kasongo chini ya magunia na hakuliliza tena, hata mwanawe alipooa, na (hili linanichekesha mpaka sasa) kampuni ilinunua mchele wake. Bibi Kanyange alinisamehe mapema kuliko nilivyojisamehe mwenyewe. Kila maharagwe yalipoiva alinitumia kapu, na alipougua aliagiza niitwe, nikaenda nikamtekea maji, tukacheka sana juu ya kile chungu. Nimepata mengi mazuri maishani, lakini lile kapu la maharagwe sijui niliweke wapi, lilikuwa zito kuliko mikono yangu.

Mjukuu nilimwambia amshukuru yule mtu mwenye maneno machache, amtafute hasa na amshukuru.

Na mimi, kile kitendo cha kusema ndiyo kwa mjomba kilinigharimu hivi: niliwekwa ghalani kupima mchanga wa bati, nikaupima mpaka Wabeljiji wakaondoka, na kazi ya kupokea wageni sikurudishiwa kamwe. Makundi yalipowasili nilisikia sauti zao kwa mbali. Na katika kambi ile, kwa miaka mingi, mtoto alipokataa kulala mama yake alimwambia anyamaze, karani wa gobori anakuja, naye alinyamaza.